Duara la kijani, duara jekundu: miezi mitano na programu ya vyakula vya mtoto

Nianze na hukumu ili asiye na muda aondoke nayo: nyota tatu kati ya tano. Shajara yake ninaisifu bila kusita. Ushauri wake kuhusu kipi ni salama na kipi si salama, nusu uchukue, nusu nyingine kamuulize daktari.

Mimi ni fundi umeme wa zamu za usiku, kwa hiyo mchana mtoto ni wangu. Mke wangu akitoka asubuhi, mimi ndiye jikoni, ndiye kijiko, ndiye wa kufuta sakafu. Binti yetu alipofika miezi mitano na nusu nilianza kupata kiwewe. Kila aliyemwona alikuwa na orodha yake ya vyakula, na hakuna orodha mbili zilizokubaliana. Nikapakua programu hii ya simu, nikaijaribu siku saba za bure, nikalipia mwaka mzima. Jina silitaji, anayeitumia ataitambua kwa maduara yake.

Unaandika jina la chakula, inakuletea picha na duara: la kijani, la njano au jekundu. Chini ya duara kuna umri, na chini ya umri mistari miwili mitatu ya maelezo. Basi. Kwa mtu wa kazi yangu ilinipendeza mno, maana ni kama swichi: imewashwa au imezimwa. Ilinichukua wiki kadhaa kung'amua kwamba chakula cha mtoto si swichi.

Kiswahili chake kwanza, tucheke kidogo. Kuna ukurasa mzima wa "vyakula vya vidole". Nilidhani ni vile unavyomlambisha mtoto kwa kidole chako. Kumbe ni vya kushika mwenyewe na kupeleka mdomoni. Ukiandika mbaazi, inakuja picha ya njegere. Nilizoea.

Sasa uzuri wake. Kabla ya kukuruhusu kuona chakula chochote, inakuuliza maswali matatu. Je, mtoto anaweza kukaa na kushika shingo imara? Anakiona kitu, anakishika na kukipeleka mdomoni? Anameza, au anakisukuma nje kwa ulimi? Nilijibu kwa ukweli, na swali la tatu likatuangusha: kijiko cha maziwa ya mama nilichomjaribia kilirudi chote kidevuni. Programu ikaniambia nitulie, nijaribu tena baadaye. Tulipofika miezi sita kamili, ambao ndio umri unaotajwa na Shirika la Afya Duniani, alimeza na kufungua mdomo tena kama kifaranga. Sijutii ile subira.

Ukurasa wa asali nao ni mzuri. Duara jekundu, miezi 12, na maelezo ambayo hata asiyependa kusoma anayamaliza. Asali huweza kuwa na mbegu za bakteria aitwaye Clostridium botulinum. Sisi wakubwa tunazimeza na zinapita zake. Utumbo wa mtoto wa chini ya mwaka bado hauna vijidudu vya kutosha vya kuzizuia, kwa hiyo zinaota humo na kutoa sumu inayolegeza misuli. Mara nyingi mtoto huanza kwa kukosa choo, kisha ananyonya kwa shida, analia kwa sauti dhaifu, shingo inalegea. Na kuchemsha kwa jikoni hakuziui mbegu hizo.

Wiki ileile mama mkwe alikuja na chupa ya asali mkobani. "Mkwe wangu, tone tu kwenye ulimi, kikohozi kitakatika." Sikubishana naye, nani atambishia mama mkwe? Nilimpa simu. "Mama, hebu nisomee hapa, macho yangu yamechoka na zamu." Akasoma kwa sauti mpaka kwenye habari ya kuchemsha, akavua miwani. "Haya baba, basi tutaila sisi." Na kweli tuliila sisi. Kwa jambo hilo peke yake programu ilijilipia.

Maziwa ya ng'ombe pia wameyaeleza sawasawa: yanaweza kutumika katika kupikia kuanzia miezi 6, lakini yasiwe kinywaji kikuu kabla ya mwaka, kwa sababu yana madini ya chuma kidogo sana. Hapo duara la njano lilikuwa na maana.

Tatizo ni pale duara linapojibu swali la "lini" na kunyamaza kwenye swali la "vipi". Andika zabibu. Kijani, miezi 6, na picha ya kishada kizima kinachong'aa. Zabibu nzima ni duara, ni laini, inateleza, na inaweza kuziba njia ya hewa ya mtoto kama kizibo kwenye chupa. Inatakiwa ikatwe kwa urefu vipande vinne. Mimi sikujua. Niliikata katikati kwa upana, nikawa nimetengeneza vizibo viwili badala ya kimoja. Karoti mbichi nayo kijani, bila neno kwamba ichemshwe mpaka uweze kuiponda kati ya vidole viwili. Chakula kile kile kinaweza kuwa salama au hatari kwa kisu tu, na hilo halimo kwenye duara.

Ile nusu ya zabibu ilimfanya akohoe, akawa mwekundu, akatoa macho, kisha akaitema mwenyewe kifuani kwake na kuitazama. Mimi nilikuwa nimeshamnyanyua kitini, magoti yananitetemeka. Baada ya siku hiyo nilikwenda kwenye darasa la huduma ya kwanza kwa watoto wachanga, na muuguzi akanifundisha kitu ambacho kingepaswa kuwa ukurasa wa kwanza wa programu yoyote ya chakula. Mtoto anayekohoa na kutoa sauti anapambana na anapumua. Mwache apambane, kaa karibu, usimtie kidole mdomoni kwa kubahatisha. Wa kuogopa ni aliyenyamaza: hakohoi, halii, midomo inabadilika rangi. Huyo, akiwa chini ya mwaka, unamlaza kifudifudi juu ya mkono wako kichwa kikiwa chini, unampiga makofi matano mgongoni kati ya mabega. Kisipotoka, unamgeuza na kumsukuma kifuani mara tano. Unarudia hivyo huku mwingine akipiga simu ya dharura. Nimefanya mazoezi kwa mwanasesere mpaka mkono ukazoea. Kwenye programu nilitafuta "kupaliwa", nikatafuta "kukabwa". Hakuna hata mstari.

Kosa kubwa zaidi ni karanga. Duara jekundu, "miaka 3". Na hapa ndipo nilipokasirika, kwa sababu binti yangu ana pumu ya ngozi, ile ya kwenye mikunjo ya viwiko, na nilikuwa nimeamini kwamba kumkinga na karanga ndiyo kumlinda.

Daktari wa watoto aliisoma skrini, akauliza programu hii ni ya mwaka gani. Akanieleza kwamba mwaka 2000 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, American Academy of Pediatrics, kiliwashauri wazazi wenye watoto walio katika hatari ya mzio wasubiri mpaka miaka 3. Mwaka 2008 chenyewe kikaachana na ushauri huo kwa kukosa ushahidi. Kisha mwaka 2015 yakatoka matokeo ya utafiti wa LEAP uliofanyika London chini ya Gideon Lack. Walichukua watoto 640 wa miezi 4 hadi 11, wenye pumu kali ya ngozi, au mzio wa mayai, au vyote viwili. Kundi moja lilipewa vyakula vya karanga mara kwa mara, jingine likaepushwa navyo, mpaka miaka 5. Waliokula walipata mzio wa karanga kwa kiwango kilichopungua kwa asilimia kama 80. Kumbe kuchelewesha ndiko kulikowaponza wengi.

Tahadhari, maana nisije nikawa duara jingine la kijani: mwenye mtoto mwenye pumu kali ya ngozi au aliyekwisha kuonyesha mzio wa yai, asianze nyumbani bila mtoto kupimwa mzio kwanza. Ya binti yangu ni nyepesi, ndiyo maana tuliruhusiwa. Tulianza mchana, akiwa mzima, hana mafua. Ncha ya kijiko ya siagi ya karanga isiyo na chumvi wala sukari, imelegezwa kwa maji ya uvuguvugu, kwa sababu ikiwa nzito inanata kooni. Tukasubiri dakika kumi, tukampa iliyobaki, nikamwangalia saa mbili nzima kama ninalinda jenereta. Hakuna kilichotokea. Sasa anaipata kila wiki, kwa maana ukianza hupaswi kuacha. Karanga zenyewe nzima nzima hazimgusi mpaka miaka 5, na sababu yake si mzio, ni koo.

Kitu kingine: medali. Programu inakuhesabia aina za vyakula na kukupigia kengele ukifika 10, 20, 30, huku ikikuahidi medali ya dhahabu kwa vyakula 100 kabla ya mwaka. Mimi ni mtu wa mashindano, ndiyo udhaifu wangu. Ndani ya wiki saba tulikuwa na aina 31. Nilikuwa naonyesha wenzangu kazini. Daktari akauliza swali moja: nyama anakula mara ngapi? Nikafungua shajara. Matunda aina kumi na tisa. Nyama mara mbili katika wiki saba. Akiba ya madini ya chuma anayozaliwa nayo mtoto hupungua kufikia miezi sita, na maziwa ya mama hayana ya kutosha kuijaza, kwa hiyo nyama, mayai, samaki na jamii ya kunde ndivyo vya kutangulia, na tunda lifuate. Nilizima kengele siku hiyo hiyo. Medali ya dhahabu hatukuipata.

Lakini shajara yenyewe, nasema tena, ni kazi safi. Unaandika chakula, kiasi, saa, na kilichofuata. Siku moja nilimpa kiini na ute wa yai lililoiva kabisa, nikachanganya na nyanya, vyote vikiwa vigeni kwake. Ujinga wangu, ingawa programu nayo ilipokea vyakula viwili vipya kwa mpigo bila kuniuliza kitu. Saa 4:20 asubuhi alikula, saa 4:40 akawa na wekundu kuzunguka mdomo. Nilipiga picha, nikaibandika kwenye shajara. Daktari aliona saa, kiasi na picha, akaona wekundu umekaa pale tu palipopakazwa chakula, hakuna vipele mwilini, hakuna kutapika, midomo haijavimba. Akasema inaelekea ni asidi ya nyanya kuunguza ngozi laini. Kwa maelekezo yake tulirudia yai peke yake, likapita. Bila nyakati zile mbili zilizoandikwa ningebaki nikisema "nadhani ilikuwa asubuhi", na pengine yai lingeondolewa nyumbani bila sababu.

Kuhusu huduma kwa wateja: niliwaandikia juu ya karanga, nikawaeleza kuhusu 2008 na 2015. Wakajibu siku ya pili, kwa adabu, kwamba wamelipokea na watalifanyia kazi. Huu ni mwezi wa tatu. Jana nimefungua, karanga bado ni jekundu na zabibu bado ni kishada.

La mwisho kwa anayetaka kuijaribu. Bila mtandao haifunguki, hata shajara yako mwenyewe huioni, kwa hiyo kabla ya kwenda hospitali piga picha za kurasa unazozihitaji. Na zima malipo ya kujirudia mapema, yamefichwa chini kabisa ya ukurasa wa akaunti, kwenye maandishi ya kijivu. Mimi nimeshayazima. Mwaka wangu ukiisha, shajara nitaihamishia kwenye daftari.