Heda ya stenlesi kwenye Mark II ya usukani wa kulia: uzoefu wangu

Gari langu ni Toyota Mark II Grande ya mwaka 1998, JZX100, yenye injini ya 1JZ-GE ya lita 2.5 na gia otomatiki. Mwaka jana manifodi yake ya ekzosi, yaani kifaa kinachopokea moshi kutoka kwenye silinda, ile ya chuma cha kusubu iliyotoka nayo kiwandani, ilipasuka karibu na silinda ya sita. Zilizotumika nilizozikuta kwenye maduka ya vipuri ya mtaa wa Gerezani zilikuwa na nyufa kama yangu, au stadi (vijiti vya kukazia nati) zilizokatikia ndani, ndipo nikaamua kununua heda, yaani manifodi ya mabomba, mpya ya stenlesi yenye mabomba sita yanayoungana kuwa mawili na hatimaye moja. (Ukienda Gerezani kuulizia heda, nenda na picha, mimi nilishushiwa silinda hedi mara mbili kabla sijaeleweka.) Niliagiza kwa muuzaji mmoja wa hapa Dar es Salaam anayeleta vifaa kutoka nje, nikalipa shilingi 850,000 pamoja na usafirishaji, na nikahakikishiwa kwamba inaingia kwenye kila injini ya JZ.

Kuingia inaingia, hilo sikatai. Matundu ya flenji, lile bamba linalofungwa kwenye injini, yalikaa kwenye stadi zote bila kulazimishwa, na uchomeleaji wa nje ulikuwa safi kuliko nilivyotarajia kwa bei ile. Tatizo lipo mbele ya hapo, pale mabomba yanapoanza kushuka. Injini za JZ hutolea moshi upande wa kulia. Kwenye magari yaliyouzwa Marekani, ambayo usukani wake uko kushoto, upande huo una uwazi wa kutosha. Kwenye haya yetu yaliyotoka Japani, shafti ya usukani inateremka hapo hapo, ikiwa jirani na mabomba ya breki na mpira wa mafuta ya pawa stelingi. Ukiitazama mikunjo ya mabomba ya silinda ya tano na ya sita, unaona wazi kwamba aliyeyapinda hakuwa na shafti ya usukani mbele ya macho yake, na tangazo la bidhaa halikugusia jambo hilo hata kwa neno moja.

Gereji ya kwanza iliifunga kwa saa nne na kunitoza shilingi 150,000. Fundi aliniita nichungulie kwa tochi, akapitisha kidole kati ya bomba na shafti, akasema, "Bosi, hapa pako huru." Kweli palikuwa huru, kwa injini iliyopoa na iliyozimwa. Nilitoka hapo nikaingia Barabara ya Mandela, na nilipokuwa kwenye foleni ya kuelekea Ubungo, gari likiwa kwenye D (gia ya kwenda mbele) na mguu kwenye breki, ikaanza sauti kama ya kokoto ndani ya debe, na usukani ukawa unatetemeka mikononi. Nikiweka N (huru), kimya. Nikirudisha D, kokoto. Niliporudi kesho yake nilipewa njia mbili: kuligonga bomba kwa nyundo likiwa palepale lilipofungwa, au kuinyoa shafti ya usukani kidogo kwa grainda. Hiyo ya pili sikutaka hata kuijadili. Shafti ya usukani hainyolewi na grainda, na fundi anayependekeza jambo hilo huku akitabasamu simwachii tena funguo.

Fundi wa pili nilielekezwa na jirani; ni mzee mwenye karakana ndogo Tabata, chini ya mwembe, na ndiye aliyenifanya niandike haya. Hakushika spana kwanza. Alinisikiliza, akaliwasha gari, akafungua boneti na kuniambia nikanyage breki vizuri, niweke D, kisha N, kisha D tena, yeye akiwa amesimama pembeni akiitazama injini inavyolala. Injini ya namna hii ikibeba mzigo wa kwenda mbele hujiviringisha kuelekea kulia, yaani upande wa kushoto hunyanyuka na upande wa ekzosi hushuka kuisogelea shafti. Kidogo tu ya hapo ni kawaida. Yangu ilikuwa inalala kama dau lililopigwa na upepo. "Mwanangu," akasema, "kabla ya kuilaumu heda, tazama injini imekalia nini." Raba za mauntini zote mbili, zile zinazoibeba injini, zilikuwa zimebonyea, na ya kushoto ilikuwa imeachana na chuma chake.

Kisha akamtuma kijana wake kwa mama anayepika chapati upande wa pili wa barabara, akarudi na donge la unga uliokandwa, ukubwa wa limau. Alilifunga kwenye nailoni, akalibandika kati ya bomba la silinda ya sita na kiungo cha shafti wakati injini imezimwa na imepoa, akaweka magogo kwenye magurudumu, akanipa ishara. Niliwasha, nikaweka D kwa sekunde chache nikiwa nimekanyaga breki, nikazima. Donge lilipotolewa lilikuwa limebanwa kama ukingo wa sambusa, na kalipa yake ya kupimia ilisoma milimita 2 mahali palipokuwa pembamba zaidi. Kabla ya hapo, injini ikiwa imezimwa, mwanya ule ule ulikuwa milimita 9. Akarudia kwa donge jingine, safari hii akiniagiza niuzungushe usukani taratibu kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, kwa sababu kiungo cha shafti si duara. Kina pembe, na pembe hiyo ikipita mbele ya bomba hula mwanya ambao ukipima usukani ukiwa umenyooka huuoni.

Nikamuuliza mbona kelele haikuanza palepale nilipotoka gereji ya kwanza, bali baada ya dakika kadhaa barabarani. Jibu lake lilikuwa la joto. Stenlesi hutanuka zaidi ya chuma cha kusubu: bomba la sentimita 60 likipata joto la nyuzi 500 zaidi huongezeka urefu kwa takriban milimita 5, na kwa kuwa juu limebanwa na flenji, urefu huo hutafuta pa kwenda. Milimita 2 haziwezi kustahimili hilo. Kwa kipimo chake, chuma kwa chuma inatakiwa kubaki angalau milimita 12 injini ikiwa kwenye D na ikiwa baridi, na penye mpira au waya mara mbili ya hapo, pamoja na kikinga joto.

Mauntini mpya mbili, shilingi 180,000, zilirudisha mwanya kwenye D hadi milimita 5. Zilizobaki ilibidi zitoke kwenye bomba lenyewe. Nilidhani atalipasha moto kwa gesi na kulibonyeza, kama wafanyavyo wengi, na sioni ubaya wa njia hiyo kwa mbonyeo mdogo. Hapa, kwa hesabu yake, bomba lingepoteza karibu theluthi ya upana wake, na silinda ya sita ingekuwa inapumua kwa pua moja. Akachagua kulikata kwenye kona, kuizungusha kona hiyo kidogo kuelekea kwenye bloku, na kulichomelea upya kwa gesi ya argoni. Mambo mawili aliyafanya ambayo sijawahi kuyaona kwingine. Kwanza, aliifunga flenji kwa nati zote kwenye silinda hedi mbovu aliyokuwa nayo stoo, ili joto la kuchomelea lisiipinde. Pili, aliziba ncha za mabomba kwa karatasi ya foili na kupitisha argoni ndani pia, kwa maelezo kwamba stenlesi ikichomelewa bila kinga upande wa ndani huota magamba meusi, na magamba hayo siku moja hubanduka na kusafiri na moshi.

Kabla ya kufunga aliweka rula ya chuma juu ya flenji na kunionyesha kwamba hata ilivyotoka dukani haikuwa imenyooka: geji (kibati cha kupimia mwanya) ya milimita 0.4 ilipita katikati. Akaipeleka kusawazishwa kwa mtu wa kukereza. Hilo nalihesabu kama kasoro ya bidhaa moja kwa moja, bila kujali usukani uko wapi.

Muungano wa mwisho wa mabomba nao ulikuwa umeshuka chini ya krosmemba, ule mhimili wa chuma unaopita chini ya injini, na kwa matuta yetu ya mitaani usingefika mwezi. Ulipandishwa sentimita 3 wakati ule ule wa kuchomelea. Niliomba azungushie mabomba yote ule mkanda wa kuzuia joto unaoonekana kwenye magari ya mashindano, akakataa. Alisema mkanda hushika maji, na kwa hewa yetu ya chumvi na madimbwi ya masika, kinachokaa chini yake hukioni mpaka kitoboke. Badala yake alikata bati la alumini, akalipinda na kuliweka kati ya heda na kiungo cha shafti, likiwa na nafasi ya hewa kila upande, na kipande kingine mbele ya mabomba ya breki. Waya wa sensa ya oksijeni ulivalishwa soksi ya kuhimili joto na kufungwa mbali na bomba. Kazi yote, ukiacha mauntini, ilikuwa shilingi 320,000 na siku mbili na nusu.

Sasa ni miezi saba. Nilirudi mara moja baada ya wiki ya kwanza ili nati zikazwe upya zikiwa baridi, kuanzia katikati kwenda pembeni, na tatu kati yake zilikuwa zimelegea kweli. Mwanya kwenye D ni milimita 14. Kelele imekwisha na usukani umetulia. Kuhusu nguvu, gari linavuta kwa wepesi zaidi likipita mizunguko 4,000, lakini hilo nalisema kwa kuhisi tu, na mafuta linakunywa vile vile.

Heda yenyewe naipa nyota mbili kati ya tano, na moja kati ya hizo ni ya matundu ya flenji. Kwa mwenye gari la usukani wa kulia, bei yake halisi ni ile ya dukani pamoja na shilingi 320,000 za kuikata. Gereji ya kwanza siipi kitu. Mzee wa Tabata nampa zote tano, ingawa hapokei simu na ahadi yake ya siku mbili huongezeka kidogo. Muuzaji nilimpelekea picha za bomba lilivyokatwa. Alishukuru, akaniomba ruhusa ya kuzitumia, na wiki iliyofuata tangazo lake lilikuwa na picha ya heda yangu likiwa na maneno yale yale, kwamba inaingia kwenye kila injini ya JZ.