Chumba cha mtoto wa miaka miwili: nini kipya, nini cha mtumba, nini cha fundi

Kabla hujatoa hata shilingi, ingia kwenye chumba utakachompa mtoto, ukae sakafuni, mgongo ukutani. Mtoto wa miaka miwili ana kimo cha sentimita 86 hivi, na anayoyaona yeye siyo unayoyaona wewe ukisimama mlangoni. Ukiwa pale chini utaona soketi, waya wa feni, ncha ya meza, kamba ya pazia na uvungu wa kitanda. Utaona pia kwamba ile picha nzuri uliyoitundika juu kabisa haimhusu. Nilikaa hivyo mwaka ambao binti yangu alihama kitandani kwetu, na orodha niliyokuwa nimeiandaa kutoka madukani ikabaki nusu.

Msimamo wangu nautaja mapema. Pesa ya kununulia kitu kipya iende kwenye godoro na chandarua. Kitanda mpe fundi. Vitambaa vitoke kwenye mtumba au kanga, vyombo vya kuwekea vitu vitoke kwa wasusi wa vikapu. Nitaeleza kwa kirefu kuhusu kitanda, maana hapo ndipo wazazi wengi tunapoteza pesa.

Kitanda, kuanzia bora hadi cha kuepuka

Nafasi ya kwanza naipa kitanda kifupi cha kuchongesha. Kwa Dar es Salaam wengi hukimbilia Keko, mtaa wa maseremala, lakini kazi hii haina nakshi, kwa hiyo hata fundi seremala wa mtaani kwako anaiweza. Mimi nilikwenda na mchoro wa kitanda kidogo cha futi mbili kwa nne. Fundi akauangalia, akaniangalia.

"Dada, huyu mtoto atalala humu mwaka mmoja tu. Nikuchongee tatu kwa sita, ila kiwe kifupi. Akikua, niletee nikibadilishe matendegu."

Nikamkubalia, na leo ndio ushauri ninaompa kila anayeniuliza. Godoro la tatu kwa sita lipo kila duka; lile la saizi ya ajabu litakulazimu kukatisha sponji. Matendegu yawe ya inchi sita tu, yafungwe kwa bolti, yasigongelewe misumari wala kugundishwa, ili siku mtoto akianza shule uweke marefu kwenye mifumbati (mbao za ubavuni) ileile. Akidondoka usiku, anadondoka futi moja, kwenye mkeka.

Mbao ya paini inatosha. Ni nyepesi, bei yake inavumilika, na inakubali msasa vizuri. Sharti iwe imekauka, kwa kuwa mbao mbichi hupinda na maungio yakaachia baada ya miezi michache. Mninga na mkongo ni mbao za kurithisha wajukuu, na kama uwezo upo sikuzuii, ila kitanda cha mtoto hakizihitaji. Kitu kimoja mkatalie fundi kabisa: mbao za kupaulia zilizotiwa dawa, zile zenye rangi ya kijani kijani. Mtoto wa umri huu hutafuna ukingo wa kitanda, na dawa ile imetengenezwa kuua mchwa.

Chaga, zile mbao zinazobeba godoro, zipangwe karibu karibu, nafasi isizidi sentimita sita, godoro lisibonyee katikati. Ukitaka kizuizi pembeni, kipimo ni hichohicho cha sentimita sita kati ya mti na mti, kwa sababu penye nafasi kubwa zaidi mwili wa mtoto unaweza kupenya kichwa kikakwama. Nenda na rula. Mwambie fundi akupigie msasa mbele yako kona zote, hata za chini ya uvungu. Mimi nililipa 130,000 pamoja na vanishi, na sijawahi kuijutia.

Nafasi ya pili ni kitanda cha mtumba cha mbao ngumu. Hapa bahati ina nafasi yake. Familia zinazohama, hasa maeneo kama Masaki, Oysterbay na Mikocheni, huuza vitu vizuri kwa haraka kwa sababu tarehe ya safari haisubiri. Kule visiwani na miji ya pwani bado unaweza kukutana na samadari ya zamani yenye matendegu yaliyochongwa. Samadari ni ya kumpa mtoto akishakuwa mkubwa, iko juu mno. Lakini kitanda cha kawaida cha mninga kilichochoka rangi kinakatwa matendegu, kinapigwa msasa, na kinaishi miaka mingine ishirini. Tikisa kwa mikono miwili kabla ya kulipa. Kikicheza kwenye maungio, hesabu na gharama ya fundi.

Ya tatu ni paleti, zile mbao za kubebea mizigo ambazo kwa sisi tulio karibu na bandari hazikosekani. Tafuta muhuri uliochomwa ubavuni. Herufi HT maana yake mbao ilitibiwa kwa joto. MB ni kwamba ilifukizwa kwa methili bromaidi, na hiyo iache hapohapo. Isiyo na muhuri nayo iache, pamoja na yoyote yenye madoa ya mafuta au harufu, kwani huwezi kujua ilibeba nini. Nimeipa nafasi ya tatu kwa sababu ya kazi yake: kung'oa misumari, kupiga msasa siku nzima, kisha msasa tena. Anayekwambia kitanda cha paleti ni cha bure hajahesabu jasho lake.

Ya nne ni kulaza godoro chini. Kwa miezi michache inafaa, hasa mtoto anapozoea kulala peke yake. Shida ni unyevu. Pwani, sakafu ya saruji hutoa jasho usiku, na godoro lisiloinuliwa huota ukungu upande wa chini kabla hujajua. Tandika mkeka wa ukindu chini yake, na kila asubuhi lisimamishe ukutani.

Ya mwisho, ambayo mimi siipendekezi kabisa, ni kile kitanda chenye kuta cha mtumba kinachoshuka na makontena, hasa chenye ubavu unaoteremka. Marekani ilipiga marufuku kuuzwa kwa vitanda vya aina hiyo mwaka 2011, kwa kuwa ubavu uliachia na watoto wakabanwa hadi kufa. Ndiyo maana mwenzio anakiuza. Zaidi ya hapo, mtoto wa miaka miwili anapanda ukuta huo na kuruka. Na kama una watoto wawili ukavutiwa na kitanda cha ghorofa, kitanda cha juu si cha mtoto aliye chini ya miaka sita.

Kunguni kwanza, urembo baadaye

Niliwahi kununua kabati dogo la mtumba, mbao safi, bei nzuri, nikaliingiza ndani jioni ileile. Baada ya wiki mbili mtoto alikuwa na mistari ya vipele mgongoni. Tulihangaika miezi mitatu.

Tangu siku hiyo sinunui kitu cha mbao bila tochi ya simu na kadi ngumu. Pitisha kadi kwenye kila ufa, kwenye tundu za skrubu, chini ya droo, kwenye maungio ya chaga. Unatafuta vidoa vyeusi kama vya kalamu, magamba ya rangi ya kahawia, na mayai meupe madogo kuliko punje ya mchele. Ukiona kimoja, rudisha mkono mfukoni. Hata usipoona kitu, kifungue nje, mimina maji yanayochemka kwenye nyufa zote, kisha kikauke juani siku kadhaa kabla hakijavuka kizingiti. Jua peke yake halitoshi, maana kunguni hukimbilia upande wenye kivuli.

Godoro na chandarua: hapa usibane

Godoro la mtumba sinunui hata likipewa jina gani. Limenyonya mikojo na jasho la wengine, limebonyea kwa mwili wa mwingine, na ndilo makazi nambari moja ya kunguni. Chukua jipya la tatu kwa sita, unene wa inchi nne au tano, na uchague gumu. Libonyeze kwa ngumi uachie: likirudi polepole au likakuonyesha ubao wa chini, endelea na jingine. Linyanyue pia, kwa sababu kati ya mawili ya saizi moja, sponji nzito zaidi kwa kawaida ndiyo itakayodumu. Nunua na mpira wa kutandika, au mfuko wa zipu usiopitisha maji. Miaka miwili ni umri wa kukojoa kitandani, na hilo halina aibu.

Mto bado. Akifika umri wa kuuomba mwenyewe, mtengenezee mdogo na mwembamba wa usufi. Usufi hukupa mto unaopitisha hewa, na kila ukishindiliwa unautoa juani ukafumuka upya.

Chandarua kiwe chenye dawa. Ulichopewa kliniki wakati wa ujauzito, au mtoto alipochanjwa surua, si duni kuliko cha dukani, kitumie. Kama unanunua, cha pembe nne ni bora kuliko kile cha duara kinachoning'inia kwa kamba moja. Cha duara ndicho kinachopendeza kwenye picha, lakini kinamlalia mtoto mwilini, na mbu humuuma kupitia kitambaa. Kichomekwe chini ya godoro pande zote. Ukikifua, sabuni ya kawaida na kivulini, kwa maana jua huua dawa.

Droo, rangi na vyombo

Kabati la droo ndicho kifaa ninachokiogopa zaidi katika chumba cha mtoto. Anavuta droo ya chini, anaikanyaga, anavuta ya pili, na kabati zima linamlalia. Ukilinunua, la mtumba au la fundi, lifunge ukutani siku hiyohiyo kwa mkanda wa chuma, fisha (kile kiplastiki cha ukutani kinachoshika skrubu) na skrubu. Kuta zetu za tofali zinashika vizuri. Kama huna mtu wa kutoboa ukuta, usilinunue. Nguo za mtoto wa miaka miwili zinaenea kwenye vikapu viwili.

Kwenye rangi kuna hatari isiyoonekana. Rangi za mafuta za zamani mara nyingi zilikuwa na risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kisicho na madhara kwa mtoto. Kwa hiyo samani ya mtumba iliyopakwa rangi na inayobanduka mimi naipita. Usijidanganye kwamba utaipiga msasa, kwani vumbi lake ndilo sumu yenyewe. Chagua iliyo na mbao wazi au vanishi. Ukutani paka rangi ya maji iliyoandikwa kwamba haina risasi, na uache madirisha wazi siku kadhaa kabla mtoto hajalala humo.

Vikapu vya Iringa vinavyosukwa kwa milulu ndivyo nimeviweka mbele ya kila chombo cha plastiki. Havina kona, havivunjiki vikawa na makali, mtoto anaviburuta mwenyewe, na vikizeeka havikuachii taka ya kudumu. Kreti tupu la soda linafuata, likipanguswa vizuri na kutandikwa kitambaa ndani. Kigoda cha chini kinunue, atakipandia kila kitu, kwa hiyo kiwe kizito na kipana chini.

Vinyago na midoli ya mtumba ni raha kuchambua, ila vuta macho na vifungo kwa nguvu, na kitu chochote kinachopita kwenye lile bomba la ndani ya karatasi ya chooni usimpe. Midoli yenye betri bapa za duara kama sarafu, ikiwa kifuniko hakifungwi kwa skrubu, iache sokoni. Mtoto akiimeza betri ile humchoma koo kwa saa chache tu.

Vitambaa

Hapa ndipo mtumba unaposhinda duka kabisa. Wenzetu wa Nairobi wana Gikomba na Toi, sisi tuna Karume na Manzese. Nenda asubuhi siku ya kufungua belo, uulize mashuka na mapazia ya pamba, na uyaweke mbele ya mwanga uone kama yametoboka. Shuka la pamba lililofuliwa mara hamsini ni laini kuliko jipya lolote. Loweka kwenye maji ya moto, anika juani, kisha piga pasi pande zote na kwenye mishono. Pasi hiyo ina kazi nyingine: kuna inzi anayetaga kwenye nguo mbichi, na funza wake huingia kwenye ngozi. Joto la pasi huua mayai yake.

Mapazia, hata hivyo, mimi nimechagua kanga. Doti moja ni vipande viwili, na vipande viwili vinavisha dirisha moja la kawaida bila kukatwa, unakunja tu upindo wa juu ukapitisha bomba. Usitumie kamba inayoning'inia. Zining'inie kwa namna ambayo jina, yale maneno yaliyoandikwa juu ya pindo la chini, lifike kimo cha macho ya mtoto. Binti yangu hugusa herufi kwa kidole kila usiku na kuuliza, "Mama, hapa pameandikwa nini?" Basi ukiwa dukani usitazame maua peke yake. Chagua jina ambalo hutachoka kulisoma.