Mafunzo ya waamuzi kuhusu watazamaji wakorofi: yanafaa, ila ripoti imesahauliwa

Nimehudhuria mafunzo ya siku mbili ya waamuzi wa soka wa ngazi za chini, ambayo mada yake ilikuwa moja tu: mwamuzi afanye nini pale watazamaji wanapovuruga mchezo. Nilijiandikisha kwa shaka, kwa sababu semina nyingi huligusa jambo hili katika dakika kumi za mwisho, watu wakiwa wameshaanza kukusanya mikoba yao. Safari hii halikuguswa juu juu, ingawa mafunzo haya yana upungufu mmoja ambao siwezi kuufumbia macho.

Sehemu iliyonifaa zaidi ilihusu mipaka ya mamlaka. Mkufunzi alitukumbusha kwamba mwamuzi hana kadi ya kumwonyesha mtazamaji. Alicho nacho ni mchezo wenyewe, ambao anaweza kuusimamisha, kuusitisha kwa muda au kuuvunja. Sheria ya 5 ya soka inampa uwezo huo panapotokea uingiliaji kutoka nje, lakini kumwondoa mtu jukwaani ni kazi ya mwenyeji na walinzi wake. Kwa hiyo tulifanyishwa zoezi la kumwita kiongozi wa timu mwenyeji, kumweleza kwa sentensi moja tunachotaka kifanyike, kisha kunyamaza. Kunyamaza ndiko kulikotushinda. Mwenzetu mmoja aliigiza shabiki mlevi kwa ustadi uliotia mashaka, na karibu kila mmoja wetu alijikuta akimjibu, jambo ambalo mkufunzi alilihesabu kuwa kosa kubwa kuliko yote, kwa kuwa mwamuzi anayejibizana na jukwaa amekwisha kuliacha pambano lijiendeshe lenyewe.

Mifano iliyotumika ilichaguliwa vizuri. Katika mashindano ya tenisi ya US Open ya mwaka 2023, mchezaji Alexander Zverev alimlalamikia mwamuzi James Keothavong kuhusu mtazamaji aliyetamka maneno yanayohusishwa na Hitler. Mwamuzi akaligeukia jukwaa, akauliza ni nani aliyeyasema, na walinzi wakamtoa mtu huyo. Mkufunzi aliusifu uamuzi huo bila kusita. Mimi nilisita kidogo, kwa sababu kuuliza umati swali kama hilo kunawezekana pale walinzi wanaposubiri ishara yako, ilhali kwenye uwanja mdogo aliyetukana anaweza kuinua mkono akiwa amekunja ngumi.

Mjadala mrefu ulihusu besiboli, hasa mchezo wa Juni 1974 mjini Cleveland, Marekani, ambapo bia iliuzwa kwa senti kumi na watu wakawa wanaingia uwanjani mara kwa mara jioni nzima. Mwamuzi mkuu, Nestor Chylak, aliwapa wageni, Texas Rangers, ushindi baada ya umati kuvamia uwanja katika awamu ya tisa, ambayo kwa kawaida ndiyo ya mwisho, matokeo yakiwa 5 kwa 5. Tulibishana sana kuhusu wakati ambao mchezo ule ungepaswa kusimamishwa, na wengi tulikubaliana kwamba ni mapema zaidi. Kriketi ilitupa mfano tofauti: katika nusu fainali ya Kombe la Dunia ya mwaka 1996 mjini Kolkata, India, chupa ziliporushwa uwanjani, Clive Lloyd, msimamizi mkuu wa mechi, aliwatoa wachezaji, akawarudisha, na fujo zilipoanza tena akaipa Sri Lanka ushindi. Hapo hatua zilifuatana, na uamuzi wa mwisho haukubebwa na waamuzi waliokuwa katikati ya uwanja.

Utaratibu wa FIFA wa hatua tatu dhidi ya ubaguzi, yaani kusimamisha, kuzirudisha timu vyumbani na hatimaye kuvunja mchezo, ulielezwa kwa makini, pamoja na pambano la Bulgaria na Uingereza mjini Sofia mwaka 2019 ambalo mwamuzi Ivan Bebek alilisimamisha mara mbili katika kipindi cha kwanza. Hata hivyo, utaratibu huo hutegemea tangazo la vipaza sauti, na nilipouliza tangazo litolewe na nani mahali pasipo na kipaza sauti hata kimoja, nilijibiwa kwamba manahodha wa timu zote mbili watumwe kwa mashabiki wao. Jibu hilo nimekwisha kulijaribu katika mechi ya vijana, na lilifanya kazi kuliko nilivyotarajia.

Upungufu wenyewe ni ripoti, ambayo ilipewa nusu saa. Niliwahi kuandika kwamba watazamaji walitumia lugha chafu dhidi ya mshika kibendera wangu, na kamati ya nidhamu ikairudisha karatasi ikiuliza ni maneno gani, dakika ya ngapi, yalitoka upande upi wa uwanja, na ni kiongozi yupi aliyearifiwa. Sikuwa na jibu hata moja, na mzazi aliyemtukana kijana yule alikuwa nyuma ya goli lile lile wiki iliyofuata. Zoezi moja la kuandika ripoti baada ya maigizo lingelitibu tatizo hili kabisa.

Ninayapa nyota nne kati ya tano. Mwamuzi mpya aende bila kusita. Mzoefu anaweza kuhudhuria siku ya kwanza pekee, kwa kuwa asubuhi ya siku ya pili hutumika kurudia alama za mikono anazozijua.