Kundi la WhatsApp kama kamati ya harusi: tathmini ya katibu mmoja

Kwa miezi minne nilikuwa katibu wa kamati ya harusi ya mdogo wangu hapa Dar es Salaam, na karibu kazi yote, tangu ahadi ya kwanza hadi malipo ya ukumbi, ilifanyika ndani ya kundi la WhatsApp.

Kwa upande wa hesabu sina la kulaumu. Tangu mwaka 2022, idadi ya juu ya wanachama ilipopanda kutoka 256 hadi 512 na kisha 1,024, ukoo mzima pamoja na majirani, watu wa kanisani na wafanyakazi wenzetu wanaenea mahali pamoja. Aliye Mwanza anatuma mchango kwa simu, anabandika ujumbe wa muamala, na baada ya dakika chache jina lake linawekewa tiki kwenye orodha. Sikuzunguka na bahasha za kadi za mchango hata siku moja, na mweka hazina hakushukiwa na mtu, jambo ambalo katika kamati za harusi si dogo.

Kasoro inaanzia kwenye orodha hiyo hiyo, kwa kuwa mstari wake una nafasi ya namba, jina na kiasi tu. Katika vikao vya Jumapili jioni, watu wakiwa wamezunguka meza za plastiki na soda zao, asiye na fedha aliweza kusimama na kuahidi gunia la mchele, au vijana wake wa kupanga viti, naye akapigiwa makofi sawa na aliyetaja laki tano. Shangazi yetu mmoja, ambaye katika harusi yangu alikesha akisimamia masufuria, safari hii alikaa kundini wiki tatu bila kuandika neno. Nilipompigia alinijibu, “Mwanangu, sikuona pa kujiandika.” Nikamwandika mwenyewe: “64. Shangazi, jiko.” Kesho yake mtu alinakili orodha ili aongeze jina lake, akaufuta mstari huo kwa sababu haukuwa na kiasi.

Tangu Agosti 2022 mwanachama anaweza kujitoa akaarifiwa msimamizi peke yake. Ni stara nzuri kwa aliyeelemewa, ingawa kwenye kikao mwenyekiti angeuliza mbona fulani haonekani, na jioni ile ile mtu angepita kwake.

Kwa michango, nalipendekeza bila kusita. Kwa ahadi, afadhali watu waitwe wakae pamoja, hata mara mbili tu. Sisi hatukukaa hata siku ya kuvunja kamati: mweka hazina alituma picha ya mapato na matumizi saa 3 usiku, tukajibu kwa vidole gumba, kundi likafungwa. Mbuzi wa kuvunjia kamati alikuwemo kwenye bajeti. Fedha yake tukampelekea bwana harusi.