TAHADHARI: Anauza vyeti vya kodi ya majengo ya Florida, anameza hela zetu za uzeeni

Jamani, naandika nikiwa nimefura kwa hasira, kwa hiyo mnisamehe lugha. Yule kaka wa lieni, yaani vyeti vya madeni ya kodi ya majengo, mnamjua, yule yule aliyesimamia michango ya ule msiba wa Desemba, ni tapeli. Msiniambie biashara ilimwendea vibaya. Tapeli. Kanipiga dola 23,400, na zote ni za pensheni, zile zilizobaki kule kazini kwa zamani baada ya mambo mnayoyajua.

Najua kuna watakaosema "mimi nisingeingia." Ungeingia. Huyu mtu alishika michango yetu akatuletea hesabu mpaka risiti ya maua. Nani alimtilia shaka siku ile? Hakuna.

Ilikuwa Jumamosi jioni, kwenye Zoom, sura zote za watu ninaowafahamu. Kaanza na sala. Halafu akafungua tovuti ya kaunti yenyewe, ya kweli, wala si ya kughushi, akawa anashuka nayo taratibu kwenye orodha ya nyumba zinazodaiwa kodi. Na kinachoniuma ni kwamba karibu yote aliyoeleza ni kweli. Florida, ukishindwa kulipa kodi ya majengo (ile mwenye nyumba anailipa serikali, siyo ya pango), kaunti haikubembelezi: ifikapo Juni 1 deni lako linauzwa mnadani. Mnunuzi anailipa kaunti kodi yako, anapewa cheti, na wewe ukija kulipa unalipa pamoja na riba. Sheria inaruhusu riba ifike hadi asilimia 18. "Deni la serikali halifi, dada yangu," akaniambia mbele ya wote. Akaweka picha ya nyumba moja, kuta za krimu, na mbele ya kibaraza mwembe. Mwembe kabisa, kama kwetu Muheza! Basi nikaishia hapo hapo.

Akaniuliza kama nina hela kwenye 401k, ile akiba ya uzeeni ya kazini, ya kazi niliyoacha. Akanielekeza kufungua IRA, yaani akaunti yako binafsi ya akiba ya uzeeni, ile ambayo mwenyewe unachagua pa kuwekeza, kwenye kampuni halali ya kutunza akaunti, na hela zikahamishwa moja kwa moja bila kukatwa hata senti ya kodi. Hiyo nayo ni halali, watu wanafanya kila siku. Kasheshe iko kwenye fomu ya mwisho, ile ya kuwaagiza watunza akaunti hela ziende kwa nani. Akasema niandike jina la kampuni yake, nisiandike kaunti, eti vyeti ameshavinunua kwa jumla mnadani, sasa ananihamishia mimi viwili. Nilimuuliza kwa nini tusilipe kaunti. Naapa nilimuuliza! Akacheka, akasema kaunti haina muda na mtu mmoja mmoja. Kwenye fomu hiyo hiyo kuna maandishi ya sisimizi kwamba mtunza akaunti hachunguzi kama uwekezaji ni wa kweli au wa uongo, hilo ni juu yako. Nikatia saini kwa kidole kwenye simu, niko maegesho ya kazini, zimebaki dakika chache niingie zamu ya usiku.

Vyeti vikaja kwa imeili. Muhuri wa dhahabu, namba ya kiwanja, namba ya cheti, jina langu kamili. Nikavichapa nikaviweka kwenye faili moja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Shemeji, na ule udadisi wake, ndiye aliyepiga simu kaunti. Mama aliyepokea akasoma kwenye kompyuta yake: cheti cha namba hiyo kipo, ila kilinunuliwa na kampuni nyingine kabisa, na mwenye nyumba alishalipa deni lote kabla hata mimi sijahamisha hela. Maana yake jamaa alichukua cheti cha watu kwenye kumbukumbu za wazi, akafuta jina lao, akabandika langu. Cha pili je? Kiwanja chenyewe kwenye ramani ni mtaro wa maji ya mvua nyuma ya uzio wa watu. MTARO.

Nilipompigia akasema mfumo wa kaunti unachelewa. Siku iliyofuata akasema namchafulia jina. Sasa hivi ujumbe unabaki tiki moja.

Huyu afungwe. Sitaki kusikia habari ya wazee kumwita tukae tuongee. Tuongee nini, na hela zangu anazo yeye? Polisi wa hapa waliniambia ni madai ya kawaida, nikawaacha, nikapeleka taarifa FBI kupitia tovuti yao ya IC3 na kwa mamlaka ya jimbo inayosimamia hisa na uwekezaji. Wengine aliowapiga nanyi pelekeni, tukiwa wengi hawatasema ni ugomvi wa Waswahili. Na wazazi wake wasinipigie tena kunililia. Hasara ikiwa ndani ya IRA hata kwenye kodi hainipunguzii kitu.

Dalili nazitaja haraka, nina zamu. Kumbukumbu za vyeti ziko wazi kwa kila mtu, ofisini kwa mkusanya kodi wa kaunti, piga simu ukiwa na namba ya kiwanja, na kama cheti kimehamishwa kwako lazima jina lako lionekane kwao. Mnada wa Florida riba inashuka, haipandi: makampuni makubwa yanashushiana robo asilimia, robo asilimia, mpaka nyumba nzuri inabaki na riba kiduchu. Sasa nyumba nzuri yenye 18 kamili mkononi mwa kaka wa Zoom imetoka wapi? Na ile kauli yake ya "miaka miwili nyumba ni yako" ni uongo mtupu. Miaka miwili inakupa ruhusa ya kuomba nyumba ipigwe mnada wa hadhara, na mwingine akipanda bei wewe unarudishiwa hela zako na riba, basi.

Aliowaambia watoe pensheni taslimu wampe mkononi: kama hujampa, na hazijapita siku 60 tangu uzipokee, zirudishe kwenye IRA, pamoja na ile asilimia 20 ya kodi waliyokukata ulipozitoa, itoe mfukoni. La sivyo IRS, watoza kodi wa Marekani, watahesabu ni mapato, na kama hujafika miaka 59 na nusu wanaongeza faini ya asilimia 10.

Jana usiku nimetumiwa tangazo lake jipya. Sasa ni Arizona, asilimia 16, mnada wa Februari, na sauti ni yake ile ile na sala ile ile. Wenye ndugu Phoenix na Tucson wapigieni simu leo.