Karakana ya marehemu: nilichonunua, nilichoacha, na taya namba 2

Nimekwenda kwenye mauzo ya namna hii mara 6 sasa. Fundi amefariki, nyumbani hakuna wa kurithi kazi yake, basi familia inafungua milango siku 2 au 3 na kila kitu kinabandikwa bei, kuanzia viti vya sebuleni hadi nati zilizojaa kwenye kopo huko karakanani. Mara 4 kati ya hizo nilirudi na vyombo ambavyo mpaka leo navitumia kila siku. Naandika juu ya hii ya mwisho kwa sababu ndiyo iliyonipa vingi, na ndiyo iliyoniuma zaidi.

Mimi ni fundi mkereza, nachonga chuma kwa kerezo, mashine inayozungusha kipande huku kisu kikikichonga. Vyombo vya kupimia vilivyo vizuri, vikiwa vipya, sivimudu vyote kwa pamoja, na vile vya bei rahisi vimenidanganya vya kutosha. Ndiyo maana naenda.

Ninaanzia droo ya juu ya sanduku la vyombo siku zote, kabla sijatazama mashine yoyote. Mle mlikuwa na maikromita 4, za kupimia unene kwa kubana kitu kati ya nyuso 2, kila moja ndani ya kisanduku chake cha mbao, zimepakwa oili nyepesi, na nyuso zake za kupimia hazijagusana: umeachwa mwanya mdogo katikati. Ukifunga maikromita mpaka mwisho ukaiweka miezi, unyevu unakaa katikati ya zile nyuso na kutu inaanzia hapohapo. Na joto likipanda, chuma kinatanuka na kujisukuma chenyewe. Mzee huyu alilijua hilo, akaliacha pengo kwenye zote 4, hata ile kubwa ambayo bila shaka aliitoa mara chache. Kuanzia hapo niliamini mkono wake.

Hata hivyo nilizipima, na waliosimamia mauzo waliniruhusu bila kukunja uso, jambo ninalowashukuru. Nilibana kipande cha karatasi safi katikati ya nyuso, nikakivuta taratibu ili kifute vumbi, kisha nikafunga kwa kile kitasa cha nyuma kinacholia tiki tiki. Moja ilikuwa imepita sifuri kwa mistari 2. Hilo si kasoro. Shingo yake inazungushwa kwa kispana kidogo chenye ndoano ikarudi sawa. Kasoro ya kweli ni skrubu iliyolika. Kwenye maikromita ya milimita, mzunguko mmoja ni nusu milimita, na ngoma yake inayozunguka imegawanywa mistari 50, kwa hiyo kila mstari ni 0.01 mm. Skrubu hiyo ikiwa inateleza hapa na kukaza pale, mistari hiyo haina maana tena. Nilizungusha kila moja kutoka mwanzo mpaka mwisho kwa ncha za vidole, macho nimefumba, kwa sababu mkaza unasikika kidoleni kabla haujaonekana. Zote 4 zilikwenda laini kama zimetoka kiwandani jana. Nikazibeba.

Kulikuwa pia na guni ya Starrett, ya kukagulia pembe mraba, ile yenye rula inayoteleza. Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1880 huko Athol, Massachusetts, na aina hii ya guni ndiyo iliyompa jina mwenyewe Laroy Starrett. Jina halinitoshi, kwa hiyo niliomba penseli na ubao wenye ukingo ulionyooka. Unachora mstari, unaigeuza guni upande wa pili, unachora tena palepale. Guni ikiwa na kosa, mistari itaachana, na pengo utakaloliona ni mara mbili ya kosa lenyewe. Mistari yangu ililaliana ikawa mmoja. Mama mwenye nyumba alikuwa amesimama mlangoni akinitazama. Nikamsalimu, nikampa pole ya msiba. Akaniambia, "Hata yeye alikuwa akifanya hivyohivyo, mwanangu, kila anaponunua." Sikujua la kujibu.

Sasa nilieleze lililoniuma. Kwenye meza ya katikati waliweka wazi kisanduku cha vipande vya kupimia, kila kimoja na unene wake kamili, vile alivyovibuni Msweden Carl Edvard Johansson mwishoni mwa karne ya 19. Ni vipande vya chuma kigumu vilivyosuguliwa hadi nyuso zake zinashikana zenyewe ukiteleza kimoja juu ya kingine, bila gundi wala sumaku. Jasho la kidole tu linavitia kutu. Siku ya kwanza kisanduku kilikuwa wazi, watoto wakavijengea mnara, na kila mpita njia akashika. Siku ya pili nilikuta alama za vidole zimeanza kugeuka rangi ya chai. Nilimwambia msimamizi asubuhi ile ya kwanza kabisa, kwa adabu, kwamba vifungwe na atakayetaka aonyeshwe kwa kitambaa. Akasema watu wanapenda kushika. Kilikuwa kitu pekee mle ndani ambacho fundi angekipokea kwa mikono miwili, nacho kiliharibika juu ya meza kwa siku 2 tu, baada ya kutunzwa miaka mingi.

Kosa la pili la wasimamizi ni la jumla, na nimeliona kwenye mauzo yote 6. Wanapanga vyombo kwa sura. Vyenye kung'aa huku, vyeusi kule, vidogo vyote kwenye boksi la "mchanganyiko". Lakini vyombo vya karakana vina undugu. Kishikizi cha kerezo chenye taya 3, kile kinachobana kazi, yaani kipande kinachochongwa, kwa mfano, huja na seti 2 za taya: moja ya kushika kazi kwa kawaida, nyingine imegeuzwa kwa kazi zenye kipenyo kikubwa. Kila taya imechongwa namba, 1, 2 na 3, na kila moja lazima iingie kwenye mfereji wake kwa zamu yake, kwa sababu meno ya nyuma hayalingani. Ukikosea mpangilio, taya hazikutani katikati. Huwezi kuchukua taya ya kishikizi kingine ukaipachika tu. Nilinunua kishikizi kizuri mno kikiwa na seti moja. Seti ya pili nikaenda kuitafuta. Nilipekua maboksi 5 ya mchanganyiko nikiwa nimepiga magoti sakafuni. Taya namba 1 ilikuwa pamoja na bawaba za milango. Namba 3 ilikuwa chini ya misumari. Boksi moja lilikuwa limeshauzwa jioni iliyotangulia.

Ushauri wangu kwa atakayekwenda: fika siku ya kwanza, na kabla hujalipia kitu kikubwa, uliza vidogo vyake. Funguo za kishikizi, taya za pili, gia za kubadilishia, kile kispana chenye ndoano. Ikibidi mwombe mtu wa familia, si msimamizi, kwa maana yeye ndiye aliyemwona marehemu akivitoa mahali pake.

Kerezo lenyewe nililitazama muda mrefu. Reli zake zilikuwa safi, lakini usafi hauonyeshi ulikaji. Kerezo hulika karibu na kishikizi, maana kazi nyingi hufanyika hapo, na upande wa mkiani, ule ulio mbali na kishikizi, hubaki kama ulivyozaliwa. Nilikaza kigari kinachobeba kisu kikiwa karibu na kishikizi mpaka kisicheze, kisha nikakizungusha kuelekea mkiani. Kama reli zimelika sana, kitagoma kabla hakijafika. Hiki kilikaza kidogo mwishoni, kikapita. Nikashika gurudumu la kisu na kulisukuma mbele na nyuma: lilicheza karibu robo mzunguko kabla kisu hakijasogea. Hiyo ni nati ya shaba iliyochoka, na nati hutengenezwa upya. Nikaingiza kidole safi kwenye tundu la mkia, lile la mteremko wa Morse namba 2 (kipimo cha kawaida cha tundu la kushikia keekee), nikatafuta mikwaruzo ya keekee iliyowahi kuzunguka mle. Hakuna. Mota ilikuwa ya fezi 3, na kwangu sina umeme huo, kwa hiyo niliongeza kichwani gharama ya inveta, kifaa cha kugeuza umeme wa kawaida kuwa wa fezi 3, kabla ya kupatana bei. Nikalinunua. Siku ya kulibeba tulifungua mkia na mota kwanza, na kamba tukazipitisha chini ya reli; ukilifunga kamba kwenye ile fimbo ndefu ya hesi (mikato ya kuzunguka kama ya skrubu) iliyo mbele, umeipinda na hesi zako zote zitatoka mbovu.

Mawe ya kunolea, yale yanayozungushwa na mashine, niliyaacha yote, ingawa yalikuwa bei ya chini kabisa. Jiwe zima ukilining'iniza kidoleni na kuligonga kwa mpini wa mbao hulia kama kengele, na lenye ufa hutoa sauti iliyokufa. Haya yalilia vizuri. Lakini sijui yalikaa wapi wala yaliangushwa mara ngapi, na jiwe likipasuka kwa kasi ile linakuja usoni. Tupa nazo niliacha, meno yalikuwa meupe yanang'aa kwa ncha zilizokwisha. Keekee zilizovunjika nilichukua kopo zima, chuma chake ni kizuri na zinanolewa.

Nilipofika nyumbani nikakuta daftari dogo chini ya droo ya mwisho ya sanduku. Mwandiko mdogo, wa penseli. Alikuwa ameandika kila alichokirekebisha kwenye kerezo, hata ile nati: "inacheza, nitaitengeneza." Na jedwali la gia za kukatia hesi. Kerezo hili ni la inchi, na ili likate hesi za milimita kwa usahihi linahitaji gia yenye meno 127, maana inchi ni milimita 25.4 kamili, na 25.4 mara 5 ni 127. Namba hiyo haigawanyiki, kwa hiyo hakuna gia ndogo zaidi itakayofanya kazi hiyo bila kosa. Kwenye rundo la gia nililopewa, 127 haikuwemo. Pembeni ya jedwali aliandika: "127, msumarini, nyuma ya mlango."

Nikampigia simu yule mama. Nikamwambia nina daftari la mzee na nitalirudisha, ila anisaidie kutazama nyuma ya mlango wa karakana. Akaniambia nisubiri. Nikasikia viatu vyake, kisha bawaba, kisha kimya kirefu. "Kuna gurudumu la meno hapa, limefungwa kwa gazeti. Watu wote wale waliopita hapa, mwanangu!"

Daftari nililirudisha wiki hiyohiyo, baada ya kunakili kurasa za jedwali kwa mkono. Gia ipo kwenye kerezo na wiki iliyopita imekata hesi yake ya kwanza ya milimita 1.5 kwangu, nati imeingia mpaka mwisho kwa vidole viwili. Taya namba 2 sijaipata. Imechongwa namba ileile iliyo kwenye kishikizi, na kama uliwahi kununua boksi la mchanganyiko ukakutana na taya moja isiyo na wenzake, iangalie vizuri kabla hujaitupa.