Shawa ya umeme ya kilowati 5.5: kwa baridi ya Mbeya inatosha, ila anza na waya

Kwa anayekarabati bafu, hii shawa ya plastiki yenye koili ya kupasha maji ndani ndiyo njia rahisi ya kupata maji moto bila tangi la hita. Joto lake lina hesabu. Maji ya Julai yakiingia na nyuzi 15, kwa lita 3.5 kwa dakika yanatoka na 37 hivi. Ukifungulia hadi lita 5 yanashuka hadi 31, vuguvugu tu. Kwa hiyo usiilaumu shawa; punguza koki.

Inavuta ampea 24. Waya wa 2.5 mm wa soketi unaweza kuchemka na kuyeyuka kwenye maungio. Vuta laini yake peke yake kutoka kwenye breka ya ampea 32, waya wa 6 mm, na ethi ya kweli, yaani waya unaofika ardhini, siyo ile inayoishia ukutani. Kazi hii imalizwe kabla ya kubandika marumaru, la sivyo utazivunja.

Simtanki likae angalau mita 2 juu ya shawa. Presha ikiwa ndogo, kiwambo cha ndani hakisukumi swichi na maji yanabaki baridi. Chujio dogo la kwenye ingizo la maji huzibwa na tope; lisafishe.

Kosa linaloua shawa nyingi siku ya kwanza: kuwasha umeme kabla maji hayajajaa ndani. Koili inaungua papo hapo. Na kitufe cha joto kisigeuzwe maji yakitiririka.

Plastiki yenyewe? Nyepesi mno, elbo (kiungo cha kona) ikikazwa kwa spana inapasuka.